Nikionja Mchuzi Taya Linavimba: Nikatwe, Nisafiri au Nivumilie?

BARUA

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkazi wa Tanga, mama wa watoto watatu. Kazi yangu ni upishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, wewe nipe idadi ya watu na siku, mengine niachie mimi. Kazi nimeirithi kwa mama, na mji huu jina ninalo, alhamdulillahi.

Shida yangu iko chini ya taya, upande wa kulia. Nikitia tonge la kwanza mdomoni, panajaa. Wakati mwingine hata sijala. Nimefunua tu sufuria, harufu ya bizari ikanipata, tayari pameanza kuvuta. Panafura mpaka donge linaonekana, na maumivu yanapanda hadi sikioni. Nikiacha kula, baada ya saa moja au mbili panashuka pole pole, na mtu akinitazama hadhani kwamba punde tu nilikuwa nalia. Ndimu, ukwaju na achari ya embe ndivyo vinavyonitesa kuliko vyote, na wewe unajua huku kwetu chakula kisichokuwa na ndimu ni chakula cha mgonjwa.

Mwanzo nilidhani ni jino, nikang'oa gego. Hali ikabaki ile ile. Mama mkwe akasema ni mtoki, nikachuliwa. Duka la dawa wakaniambia ni mzio wa viungo, wakanipa Piriton, na mpaka leo huwa nameza kila nikiwa na shughuli. Kisha mwaka jana homa ikanipanda, chini ya ulimi pakawa panatoka maji machungu yenye chumvi, taya jekundu halishikiki. Hospitali wakasema ni usaha, wakanipa antibayotiki, na nilipopoa nikapigwa altrasaundi. Hapo ndipo nilipoambiwa kuna jiwe. Jiwe, mshauri! Milimita 8, limekaa kwenye mrija wa mate, pale mrija unapotokea kwenye tezi.

Daktari wa kwanza alisema tezi yenyewe itolewe, kwa kupasuliwa nje chini ya taya. Alinieleza kwa upole, na hakunificha kuwa mdomo unaweza kulegea upande mmoja. Baadaye kijana mmoja wa kinywa na meno akanitia kidole chini ya ulimi, mkono wa pili akauweka nje, akapapasa, akasema angependa nipelekwe Dar es Salaam kwa sababu huenda jiwe likatolewa kwa ndani na tezi ikabaki. Nikatoka na karatasi mbili, na kila moja inasema lake.

Mdogo wangu yuko Muscat. Yeye anasema huko kuna kamera nyembamba inaingizwa kwenye mrija, jiwe linanaswa na kuvutwa, hakuna kisu. Tiketi atalipa yeye.

Mume wangu hataki kusikia habari za kupasuliwa. Anaamini ni husda. Miaka miwili nyuma niligombana na mpishi mwenzangu juu ya arusi moja kubwa, naye akaniambia mbele za watu, "Kinywa chako hicho, utakikoma." Ni baada ya hapo nilipoanza kuumwa. Mume wangu amenipeleka kusomewa. Mimi sisemi husda haipo, Qur'ani imeitaja. Lakini kombe nimekunywa na taya bado linafura.

Mama yangu naye kanitia hofu nyingine. Kasema, "Wakikutoa tezi, mwanangu, utaonjea nini?" Tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri. Ladha ikinipotea mimi si mpishi tena, ni mpakuaji.

Nikueleze na maisha yangu yalivyo. Sili mbele za watu. Tulipokwenda kwa wakwe baada ya posa ya binti yangu tukakaribishwa chakula, nikagusa wali kidogo nikanawa. Maneno yakarudi kwamba mama wa bibi arusi ana maringo, chakula cha watu hakimfai. Kazini kuonja nimemwachia mpwa wangu, na shughuli iliyopita chumvi ilizidi; mwenye shughuli alinyamaza, ila hajanipigia tena. Ramadhani iliyopita nilikuwa nafungua kwa tende, kisha nainuka mkekani kabla ya wenzangu, naingia chumbani kushika taya. Nimepungua mwili. Nawafokea watoto bila sababu. Nikilalamika, mume wangu hunijibu, "Hilo si gonjwa la kufa."

Sasa tumo Rajabu. Ramadhani inakuja, na arusi ya binti yangu ni mfungo pili. Fedha iliyopo ni ya arusi. Nisaidie: nikatwe, nimfuate mdogo wangu Muscat, au nivumilie kama nilivyovumilia?

Mpishi wa Shughuli, Tanga

JIBU

Wa aleikumu salaam, dada yangu Mpishi.

Ahsante kwa barua iliyoshiba. Mimi si daktari, kwa hiyo mambo ya tiba utakayoyasoma hapa nimeyapitisha kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuyaandika. Hata yeye hajakushika taya. Wanaoweza kukuambia "fanya hivi" ni wale waliokupapasa, na wa kuamua ni wewe.

Unaniuliza njia tatu, lakini naona chini yake kuna jambo linalokusumbua zaidi: kama una haki ya kutumia fedha na kutia watu hofu kwa ajili ya ugonjwa usioua. Kwa hiyo nianze na kauli ya shemeji. Amesema kweli, na ni kweli ya kumshukuru Mungu. Jiwe la mate si saratani, na watu huishi nalo miaka. Ila barua yako haikuniambia kwamba unakufa. Imeniambia huli na watu, wakwe wamekudhania vingine, chumvi umemkabidhi mwingine na wanao wanakuona mkali. Hayo madaktari nao huyahesabu. Lipo dodoso la maswali 14, lililochapishwa mwaka 1997, linalotumika nchi nyingi kupima jinsi maradhi ya kinywa yanavyoharibu maisha ya mtu, na watafiti wa magonjwa ya tezi za mate wamelitumia pia. Haliulizi jiwe lina milimita ngapi. Linauliza kama umelazimika kukatiza mlo, kama ladha imepungua, kama umeona haya, kama umekuwa mwepesi wa kuudhika na watu, kama kazi zako za kila siku zimekuwa ngumu. Wewe dodoso hilo hujaliona, lakini barua yako imelijibu karibu lote.

Ndiyo maana ukirudi hospitali usiishie kusema "panavimba nikila." Sema wewe ni mpishi wa shughuli, unakula kwa kuonja. Sema arusi ya mwanao iko mfungo pili. Daktari anayejua hayo anaweza kupima hatari za upasuaji tofauti na yule aliyeona namba 8 kwenye karatasi ya altrasaundi.

Sasa tulitazame jiwe lenyewe. Tezi kubwa za mate tunazo jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zikisaidiana na ndogo ndogo hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mawe yanapotokea, takriban 8 katika kila 10 hukaa kwenye tezi ya chini ya taya, hiyo ya kwako. Mate yake ni mazito na yana kalisi nyingi, na mrija wake, wenye urefu wa kama sentimita 5, unapanda kutoka chini ya taya kwenda kutokea nyuma ya meno ya mbele, chini ya ulimi. Mate mazito yakipandishwa namna hiyo hukawia njiani, na madini yake hugandamana tabaka juu ya tabaka, kama ukoko mweupe unaoota ndani ya birika. Harufu ya bizari ikikupata, mwili unaagiza mate na tezi inatii, lakini njia imezibwa. Hiyo ndiyo sababu unafura kabla hata ya tonge. Ukiacha kula, mate hupenya kidogo kidogo pembeni ya jiwe, donge likanywea.

Kwa kuwa nimetaja birika, najua atatokea wa kukuambia ni maji ya kisima, au ni maziwa unayokunywa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulitazama kama watu wa sehemu zenye maji ya madini mengi wanaugua zaidi mawe ya mate, na haukuona uhusiano. Kunywa maziwa yako.

Husda. Sitakubishia, wala shemeji sitambishia. Kusomewa na hospitali havijawahi kugombana. Ninachowaomba mkitazame wawili ni tarehe. Mawe haya hukua pole pole, inakadiriwa milimita 1 au moja na nusu kwa mwaka. La milimita 8 haielekei liwe limeanza miaka miwili iliyopita. Inaonekana lilikuwamo kimya kabla hujagombana na mpishi mwenzako, mpaka lilipopata ukubwa wa kuziba. Ni makadirio tu, si hati ya mahakama, lakini huenda yakakupunguzia kazi ya kumchukia mtu. Na nikuulize, una hakika shemeji anaogopa husda? Wapo wanaume wanaoogopa kisu kuliko jini, na hofu hiyo hawawezi kuitamka mbele ya mke. Mwombe aje nawe, asikie mwenyewe kwa daktari, aulize anachotaka kuuliza.

Nije kwa mama. Tezi haionji, anayeonja ni ulimi, akisaidiwa na pua. Tezi moja ikitoka zinabaki kubwa tano, pamoja na mamia ya vitezi vidogo vilivyotapakaa mdomoni. Wengi waliotolewa tezi moja hawalalamikii ukavu, wachache huuhisi. Ningeweza kuishia hapo nikamwambia mama atulie. Lakini mama hakukosea kabisa, na ningekuwa nakudanganya kama ningekuacha uamini hivyo. Ipo neva ya ulimi, inayochukua hisia na ladha ya sehemu kubwa ya mbele ya ulimi, nayo inapita jirani sana na tezi hii na kukatiza chini ya mrija wake. Ikivutwa au ikijeruhiwa, upande ule wa ulimi unaweza kufa ganzi au kupungukiwa ladha, mara nyingi kwa muda, mara chache kwa maisha. Na hatari hiyo haiko kwenye kutoa tezi peke yake. Iko pia kwenye kutoa jiwe kwa ndani ya mdomo, hasa jiwe likiwa nyuma kama la kwako, maana hapo ndipo neva na mrija vinapokutana. Wewe umeandika kana kwamba tezi ikibaki basi ladha iko salama. Sivyo moja kwa moja. Kwa mtu wa kazi yako hilo ni swali la kumuuliza daktari yeyote atakayekupasua, macho kwa macho: wewe umeshafanya ngapi za aina hii, na wangapi walibaki na ganzi ya ulimi?

Njia ya daktari wa kwanza, ya kutoa tezi, kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwepo, na pengi ndiyo iliyopo hadi leo. Unapewa nusu kaputi, unapasuliwa sentimita chache chini ya taya, tezi inatoka, na habari ya jiwe upande ule inakwisha. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu aliyechoka na usaha wa kila mara. Inafaa zaidi tezi ikiwa imeharibika kwa maambukizi ya kurudia rudia, au jiwe likiwa ndani ya nyama ya tezi ambako mkono haufiki. Unabaki na kovu. Mdomo kulegea alikokutajia kunatokana na tawi la neva ya uso linalovuta mdomo wa chini. Kwa wengi mdomo hurudi sawa baada ya wiki au miezi, kwa wachache haurudi. Ipo na neva ya tatu, inayousogeza ulimi, nayo pia iko maeneo hayo, ingawa kuumia kwake ni nadra zaidi.

Yule kijana alikupapasa mikono miwili, kidole ndani na mkono nje. Hakuwa anakupotezea muda. Jiwe linaloshikika kwa kidole ndilo linaloweza kufuatwa kwa ndani ya mdomo. Lisiloshikika ni gumu kulifuata hata kama altrasaundi imelionyesha. Je, alikuambia kama alilihisi? Hukuandika, na jibu la hapo linaweza kubadilisha mengi. Jiwe likitoka kwa njia hii hakuna kovu usoni, na tezi iliyodhaniwa imechoka mara nyingi hurudia kazi yake. Wagonjwa wengi waliofuatiliwa baada ya jiwe kutoka na tezi kubaki huripoti nafuu kubwa ya kula na ya maisha kwa jumla. Upande wa pili wa shilingi nao uusikie: mrija unaweza kupata kovu ukawa mwembamba, vipande vinaweza kubaki, na jiwe jingine linaweza kuota baadaye. Ikishindikana, kutoa tezi bado kunawezekana. Tezi ikishatoka, kuirudisha hakuwezekani.

Mdogo wako wa Muscat amekueleza ukweli, ila haujakamilika. Kamera hizo zipo tangu miaka ya 1990, zilianza kuenea kutoka Ulaya, na zimewaokolea tezi watu wengi. Lakini kikapu kidogo kinachonasa jiwe kinayaweza madogo. Kwa tezi ya chini ya taya madaktari husema chini ya milimita 4 hivi. Lako ni mara mbili ya hapo, na tundu la mrija chini ya ulimi halifiki hata milimita moja. Jiwe la ukubwa wako huhitaji kuvunjwa kwanza, kwa leza au kwa mawimbi ya mshtuko kama walivyoanza Wajerumani wa Erlangen mwishoni mwa miaka ya 1980, na mara nyingi kikao kimoja hakitoshi. Au kamera hutumika kuonyesha njia tu, kisha kisu kidogo kikamalizia ndani ya mdomo. Kwa hiyo "hakuna kisu" usiishike kama ahadi. Kabla tiketi haijakatwa, mtumie picha zako za altrasaundi na maelezo ya daktari, ayapeleke hospitali aiulize: jiwe la milimita 8, mahali hapa, mtalitoaje, kwa vikao vingapi, na likisumbua nimeshapanda ndege kurudi, nani atanitazama? Tiketi bei yake inajulikana. Kukaa ugenini na taya lililoshonwa ndiko ambako hakuna aliyekupigia hesabu.

Dar es Salaam ni karibu zaidi. Muhimbili wana wapasuaji wa kinywa na taya, na wana wa masikio, pua na koo. Karatasi ya rufaa unayo. Kwenda kusikilizwa si kukubali kupasuliwa, na hili mweleze shemeji hivyo hivyo. Kuhusu fedha, uliza kwanza bima yako inagharamia nini, kutoa tezi au kutoa jiwe kwa ndani ya mdomo, na kama huna bima, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Usione haya kugonga hapo. Na unapohesabu fedha ya arusi, hesabu na ya yule mwenye shughuli ambaye hajapiga simu tena.

Imebaki kuvumilia. Sitaiita ujinga, maana yako mawe yanayotoka yenyewe. Lakini ni madogo, na huwa yamekaribia mlango wa mrija. La milimita 8 lililoko nyuma likitoka lenyewe itakuwa bahati. Hatari ya kungoja umeshaionja mwaka jana: usaha hurudi, na kila ukirudi tezi huharibika zaidi, mpaka pengine njia ya kuihifadhi ikajifunga.

Kama utangoja, au hata kama unasubiri tu tarehe ya rufaa, ngoja vizuri. Kunywa maji kwa wingi. Weka kitambaa cha moto chini ya taya, kisha sukuma kwa vidole kutoka nyuma ya donge kuja mbele, kuelekea kidevuni. Safisha meno bila kuruka siku. Ndimu utaambiwa inatoa jiwe. Ni kweli vitu vichachu huita mate kwa nguvu, na kwa kijiwe kidogo madaktari huvishauri, lakini njia ikiwa imeziba kama yako unajiongezea maumivu bure. Na hiyo Piriton, dada yangu, kaiulizie. Ni dawa ya mzio, na moja ya mambo inayofanya ni kukausha mate. Wewe ulikuwa na jiwe, si mzio, na mate yakikauka yanazidi kuwa mazito. Kama una dawa za presha, hizo usiziache kwa akili yako. Mtajie daktari, kwani nazo baadhi hukausha. Na mtu yeyote wa mtaani anayekata vimeo au kutoboa matezi, asikuguse.

Ramadhani ina namna yake. Mchana maji hupungua mwilini na mate nayo hupungua, kisha tende ya magharibi inayaita yote kwa mara moja. Jaribu kufungua kwa maji na uji laini, ukwaju uweke mbali, na kunywa kidogo kidogo toka futari hadi daku. Ikitokea homa na usaha kama mwaka jana, mgonjwa ana ruhusa yake. La mwili muulize daktari, la kulipa siku muulize shehe wako.

Wakwe nao wasikae na neno la maringo mpaka mfungo pili. Tuma mshenga, au nenda mwenyewe, useme una jiwe kwenye tezi ya mate na ukila unaumia. Ni maneno machache, na aibu yake ni ndogo kuliko unavyoiogopa. Mwenyeji akijua hivyo atakupa uji akuombe radhi.

Kuna dalili ambazo hazingoji mashauriano ya nyumbani: homa, chini ya kidevu kukaza na kuvimba pande zote, ulimi kuinuliwa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza, pumzi kuwa nzito. Ukiona mojawapo, nenda hospitali usiku ule ule. Na donge likiacha kunywea, likabaki pale pale hata usipokula, rudi likaangaliwe upya, kwa kuwa si kila uvimbe wa tezi ni jiwe.

Lililobaki ni kalenda. Kwa upasuaji wowote, wa kutoa tezi au wa kutoa jiwe kwa ndani, tegemea siku kadhaa za uvimbe na vyakula laini. Ikitokea mdomo umelegea au ulimi umekufa ganzi, huenda ikachukua miezi. Wako akina mama ambao wangesema bora nipasuliwe sasa ili nile pilau ya mwanangu nimekaa na wakwe. Wengine wangesema picha za arusi kwanza, mdomo ukiwa sawa, jiwe baadaye. Sioni kosa kwa yeyote kati yao. Lakini ukichagua kungoja mpaka baada ya arusi, daktari ajue, akupe maelekezo ya nini ufanye usaha ukirudi katikati ya maandalizi.

Andika maswali yako kwenye karatasi, na la kwanza liwe lile la kidole: "Jiwe langu unalishika?" Ukishajibiwa niandikie, hata kama utakuwa umeamua kusubiri.